"Umepajuaje hapa?": miezi minane ya kutangaza ufundi wa kompyuta Sinza

Kaunta buku yangu ina safu tano. Tarehe, jina, namba ya simu, ugonjwa wa mashine, na ya mwisho nimeichora kwa kalamu nyekundu: "Umepajuaje hapa?" Kila anayeingia na mashine namuuliza, na jibu lake naliandika vilevile alivyolisema. Kama unafungua kibanda cha ufundi mwezi huu, anza na safu hiyo kabla hujalipia tangazo lolote. Mimi niliianza siku ya kwanza, ila nilichelewa kuisoma, na kuchelewa huko kumenila zaidi ya laki nne.

Nilifanya kazi miaka sita kitengo cha kompyuta katika ofisi moja ya Posta. Mwishoni mwa 2024 mkataba ukaisha, haukuongezwa. Nilikuwa na akiba ya milioni nne na kidogo. Nikapata fremu Sinza, Dar es Salaam, ndani kidogo ya barabara ya Shekilango, kodi 220,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba alitaka miezi sita kwa mkupuo. Dalali naye akachukua ya mwezi mmoja. Meza, rafu, multimita, hita ya upepo, bisibisi za saizi zote, kioo kimoja na chaji kadhaa za kupimia, TIN, leseni ya manispaa. Nilipomaliza yote hayo nikatenga 700,000 za matangazo. Niliona ni nyingi. Nilifungua mwanzoni mwa Machi 2025, mvua za masika ziko mlangoni.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni vipeperushi. Nilikwenda Kariakoo nikachapisha elfu mbili, vya rangi, karatasi nzuri, 160,000. Niliandika kila ninachokiweza: ukarabati wa kompyuta mpakato na za mezani, simu, printa, kamera za ulinzi, kufunga mtandao, kurudisha mafaili, kuuza vifaa. Vijana wawili wakagawa siku mbili, elfu kumi na tano kila mmoja kwa siku. Ubungo, Mwenge, Makumbusho, mpaka getini kwa vyuo. Jumla 220,000.

Wiki mbili baadaye nilikuwa napanga nyanya kwenye mfuko gengeni, mama mmoja akawa anasoma kipeperushi changu alichofungiwa vitunguu. Akaniuliza, hakujua ni changu: "Mwanangu, hii kompyuta mpakato ndiyo nini?" Nikamwambia ni laptopu. Akasema, "Aa, si waseme." Kijana wake alikuwa na laptopu mbovu ndani, miezi mitatu imefungiwa kabatini. Kipeperushi kilikuwa mkononi mwake na asingekuja kamwe, kwa sababu mimi niliandika kama taarifa ya habari. Neno la gazetini lina mahali pake. Kwenye tangazo la fundi, andika lile ambalo mtu analitamka akiwa amechanganyikiwa: laptopu imegoma kuwaka, kioo kimevunjika, chaji haiingizi, mashine nzito, mafaili yamepotea.

Kwenye kaunta buku, karatasi elfu mbili zilinipa wateja wawili.

Baada ya hapo nikakodi gari la matangazo, lenye spika, nusu siku, 80,000. Hili nitalisema kwa kifupi kwa sababu bado linaniumiza. Lilipita saa nne asubuhi, watu wenye laptopu wako kazini na madarasani. Halafu nikapigiwa simu na serikali ya mtaa: dada, umeomba kibali kwa nani? Sikuwa nimeomba. Nilikwenda, nikasikiliza, nikaomba radhi. Mwenyekiti alikuwa muungwana, akaniambia nikitaka kupiga kelele mtaani nianzie ofisini kwake, na nikitaka kusimamisha bango nianzie manispaa, maana bango nalo lina ushuru wake kulingana na ukubwa. Ningeuliza mapema, ingekuwa ni nauli ya bajaji tu. Mteja aliyekuja kwa spika: hakuna.

Mtandaoni nikaweka 120,000 kwa Instagram na Facebook, kwa wiki tatu. Nilichagua Dar es Salaam yote, watu wa miaka 18 hadi 45. Simu ikawa haitulii. Meseji kutoka Chanika, Mbagala, Kigamboni, Bunju. Zote zina sura moja: "Bei gani?" Nikijibu, "Mpo wapi?" Nikisema Sinza, kimya. Kwa siku za mwanzo nilifurahia ule wingi wa meseji nikadhani biashara imeanza. Lakini mtu wa Chanika hatapanda daladala mbili na mashine kwapani, apite mafundi thelathini, aje kwangu kisha arudi tena kesho kuichukua. Ufundi wa kompyuta ni biashara ya jirani, kama kinyozi. Baadaye nilipojua kuchora duara la kilomita tatu kuzunguka fremu, na kuandika kituo cha kushukia badala ya jina la mtaa, elfu ishirini ilinipa wateja wanne. Zile 120,000 zilinipa watano.

Nilitaka pia kulipia tangazo kwenye Google. Nikasoma masharti yao nikaona tangu 2018 wamebana sana matangazo ya msaada wa kompyuta kutoka kwa mafundi wasio wa kampuni zenyewe zilizotengeneza vifaa, kwa sababu matapeli duniani walikuwa wanajifanya ni kampuni kubwa na kuwaibia watu. Nikaacha. Kilichobaki ni kujiweka kwenye ramani yao, ambako hulipi kitu. Pitia tu kwa makini saa za kufungua, weka picha ya mlango wako kama unavyoonekana ukitokea barabarani, na kila mteja aliyeridhika mwombe aandike maneno mawili pale pale, kabla hajaondoka. Akishafika nyumbani amesahau.

Kosa la bei nalo lina uzito wake. Aprili, nimekaa siku nne bila mteja, nikabandika karatasi mlangoni: KUPIGA WINDOWS 8,000 TU, UCHUNGUZI BURE. Kupiga Windows ni kuweka upya mfumo unaoendesha mashine, na mtaani wengi walikuwa wanatoza kati ya elfu kumi na tano na ishirini. Watu wakaja. Kila siku mashine mbili, tatu. Lakini waliokuja kwa uchunguzi bure walinipa kazi ya saa nzima, nikafungua, nikapima, nikawaambia kilichokufa ni nini, wakasema asante dada, wakaenda na jibu langu Kariakoo. Siwalaumu, nimeandika mwenyewe kuwa ni bure. La kuumiza zaidi alilisema mzee mmoja mwalimu mstaafu. Nilimwamkia, akaitikia, akasimama mlangoni na begi lake, akaisoma ile karatasi mara mbili, akaniambia kwa upole: "Binti, kwa bei hii utakula wapi? Utakula kwenye ramu yangu." Akaondoka na mashine yake.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nimehesabu kwamba watu wanaogopa gharama. Kumbe woga wao wa kwanza ni mimi. Kila mtu Dar ana hadithi ya fundi: alipeleka mashine ina ramu, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 8 ikarudi na 4, alipeleka na betri nzima ikarudi imekufa, aliambiwa njoo kesho wiki tatu, picha zake za siri zikatembea. Tangazo langu lote lilikuwa linajibu swali la "unaweza?" wakati wao wanauliza "utaniibia?"

Basi nikaacha kulipia matangazo kwa muda, nikatengeneza risiti. Nilikwenda stesheneri wakanichapia vitabu vya nakala mbili, 35,000. Mashine ikiingia, naifungua mbele ya mwenyewe, nasoma kwa sauti na kuandika: aina, namba ya utambulisho, ramu GB ngapi, diski ya aina gani na ukubwa gani, betri, chaji kama ameleta, mikwaruzo iliyopo. Anasaini, nasaini. Kifaa nikikibadilisha, kibovu namrudishia kwenye mfuko. Uchunguzi nikauwekea elfu kumi, inayokatwa kwenye malipo ukitengeneza. Karatasi ya 8,000 nikaibandua. Idadi ya watu ikapungua wiki ile, mapato yakapanda.

Ile risiti ndiyo ikawa tangazo, bila mimi kupanga. Kijana mmoja wa chuo aliipiga picha akaitupa kwenye kundi la darasa lao la WhatsApp: "Huyu dada anaandika mpaka ramu." Wiki hiyo wakaja sita wa darasa moja.

Mwisho wa Aprili nikakaa na kaunta buku, nikahesabu safu nyekundu ya miezi miwili. Wateja 41. Kipeperushi wawili. Spika sifuri. Mtandaoni watano. Bango sita. Waliobaki, 28, wote wameandikwa kwa namna moja au nyingine: "nimeelekezwa." Nikaanza kutazama wameelekezwa na nani. Nilitegemea kuona majina ya wateja wangu wa nyuma. Wapo, lakini wachache. Wengi walielekezwa na watu ambao hata kompyuta hawana: mlinzi wa hosteli ya binafsi ya nyuma yetu, dada wa uwakala wa M-Pesa kwenye kona, na zaidi ya wote, mama wa stesheneri.

Fikiria inavyokuwa. Mtu laptopu ikimzimikia usiku wa kuamkia kukusanya kazi, hatafuti kipeperushi cha mwezi wa tatu. Anatoka nje na kumwuliza mtu wa kwanza anayemjua mtaani: fundi kompyuta yuko wapi hapa? Huyo anayeulizwa ndiye niliyepaswa kumtangazia toka mwanzo, na sikuwa nimempa hata karatasi moja. Vipeperushi vyangu elfu mbili nilivigawa kwa wapita njia waliokuwa na mashine nzima.

Stesheneri ndiyo kituo kikubwa kuliko vyote, na sababu yake ni flashi. Mwanafunzi anachomeka flashi yake kwenye kompyuta ya stesheneri ili aprinti, inapata kirusi kile kinachoficha mafolda na kuacha vivuli vya njia ya mkato (shortcut) mahali pake. Akifika chumbani, kazi yake haionekani, anarudi stesheneri analia. Mara nyingi mafaili yapo, yamefichwa tu, na fundi anayafichua kwa dakika chache. Mama wa stesheneri alikuwa analaumiwa kila wiki kwa jambo asilolielewa. Nikamfuata, shikamoo mama, nikamwambia kila Jumatatu asubuhi nitapita kusafisha kompyuta zake mbili, simdai kitu, na printa ikigoma anipigie hata saa mbili usiku. Nikampa karatasi moja ngumu yenye namba yangu, akaibandika juu ya mashine ya fotokopi.

Alitaka kujua nitampa kiasi gani kwa kila mteja. Nilifikiri kidogo nikamwambia ukweli: nikimlipa kwa kichwa, siku fundi mwingine akimpa zaidi atamhamia, na wateja nao watajua kuwa wanauzwa. Ila mashine zake hazitakufa nikiwepo. Akakubali. Kati ya Mei na Julai, peke yake aliniletea watu 31. Wengine mtawalipa madalali wenu na itawafaa, sikatai. Kwangu njia hii imedumu.

Na kuna jirani niliyejikosesha mwenyewe. Fremu ya tatu kutoka kwangu kuna fundi simu, kijana, ana wateja wengi kuliko mimi. Miezi ile ya mwanzo hakuwahi kunisalimia kwa moyo. Nilidhani hapendi mwanamke kushika bisibisi, maana wapo waliokuwa wakiingia dukani na kuniuliza "fundi yuko wapi?" nami nimesimama mbele yao. Kumbe tatizo lilikuwa bango langu. Nilikuwa nimeandika SIMU kwa herufi kubwa sawasawa na KOMPYUTA. Na kazi ya simu wala sikuipenda, niliiweka ili nionekane nina mengi. Nilipokwenda kubadilisha bango nikafuta simu, nikampitia, nikamwambia: kaka, simu zote zitakazokuja kwangu ni zako. Akaniangalia, akatabasamu. Jumamosi ya kwanza tu alinisukumia laptopu tatu. Kwa hesabu zangu hakuna kitu nilichofanya mwaka mzima kilicholipa kama kufuta neno moja.

Bango lenyewe: la kwanza lilikuwa turubai la kuchapwa, 130,000, lina picha ya kompyuta, nembo, orodha ya kazi kumi. Kutoka kwenye daladala husomi chochote. La pili alinichorea mchoraji wa mtaani kwenye bati kwa 45,000: FUNDI KOMPYUTA, chini yake namba ya simu, basi. Herufi nyekundu kwenye nyeupe. Msimamo wangu ni huo: kama mtoto wa darasa la tatu hawezi kulisoma akiwa ng'ambo ya barabara, hujatangaza.

Sasa nieleze nililolifanya Mei, ambalo ningependa mtu mwingine asilifanye kamwe. Nilikuwa nimejizoesha kupiga picha kila mashine inayopona na kuiweka kwenye stetasi. Kabla na baada. Inavutia, watu wanapenda. Mashine ya binti mmoja ikapona jioni, ikawaka vizuri, nikaipiga picha ikiwa imewaka, nikaiweka. Sikutazama kilichokuwa kwenye kioo. Kilikuwa ni picha yake kitandani hospitalini, amembeba mtoto mchanga. Kesho yake alikuja, akakaa kwenye kiti, hakupaza sauti. Aliniambia hakuwa amemwambia mtu yeyote wa chuoni kuwa amejifungua. Sasa wanajua.

Nilifuta, lakini stetasi iliyokaa hewani saa kumi na nne haifutiki vichwani mwa watu. Nilimrudishia hela yake yote. Hakuitaka, niliisukuma. Hela haikuwa na maana pale, na mimi nilijua, na yeye alijua. Ndipo nilipokwenda kuisoma Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ambayo ilianza kutumika Mei 2023 na ina tume yake kabisa. Miaka sita nilikaa kitengo cha kompyuta, na nilipokuwa na duka langu sikufikiri kwamba inanihusu. Tangu siku hiyo nikipiga picha ni ya ubao wa ndani, feni iliyojaa vumbi, bawaba iliyovunjika, mashine ikiwa imezimwa, na mwenyewe ametia tiki kwenye risiti kuwa ameruhusu. Asipotia tiki, hakuna picha. Siombi mara ya pili.

Julai chuo kilipofungwa, wanafunzi wakaondoka na biashara ikalala. Hapo nikatafuta ofisi ndogo: duka la dawa, shule ya awali, wakala wa usafirishaji. Hao hawaji kwa bango. Unakwenda mwenyewe, umevaa vizuri, una TIN na leseni, na unazungumza kuhusu siku watakazopoteza mashine ikifa. Nilipata watatu, nao ndio walionilipia kodi ya Agosti na Septemba.

Halafu ikaja habari ya Windows 10. Microsoft walishatangaza kuwa msaada wake unaisha 14 Oktoba 2025, na mtaani ikageuka kuwa mashine zote za zamani zitazimika siku hiyo. Baadhi ya mafundi wakaanza kuwatoza watu elfu hamsini "kuwaokoa". Mimi nilirekodi sauti ya dakika mbili kwa Kiswahili cha kawaida, nikaituma kwa mama wa stesheneri na kwa wateja wangu: mashine yako haitazimika. Itaendelea kuwaka kama jana, ila haitapata tena marekebisho ya usalama, na Microsoft wenyewe wameweka utaratibu wa kuongeza mwaka mmoja. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na kwa mashine za Intel kwa kawaida ni prosesa ya kuanzia kizazi cha nane, kwa hiyo usimlipe mtu kabla hajakuonyesha kuwa yako inafaa. Kama ni nzito, pengine inahitaji tu SSD, ile diski ya kisasa yenye kasi.

Sauti ile ilitembea makundi ambayo sijui hata ni ya nani. Sikulipia shilingi. Watu walikuja kuuliza tu, na nusu yao niliwaambia waondoke na mashine zao, hazihitaji kitu. Lakini waliobaki walibadilisha diski za zamani kwa SSD, na Oktoba ukawa mwezi wangu mkubwa kuliko yote. Mwalimu mstaafu naye alirudi. Niliandika ramu yake mbele yake, GB 8, akasaini taratibu kwa mwandiko mzuri. Kwenye safu nyekundu alisema, "Nimesikia sauti yako kwenye kundi la kanisa."

Sasa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wameanza kuingia, na wengi wataenda Kariakoo kununua laptopu za mtumba. Nimebandika karatasi mpya kwa mama wa stesheneri na nyingine kwa mlinzi wa hosteli: KABLA HUJANUNUA LAPTOPU ILIYOTUMIKA, PITA NIKUONYESHE PA KUANGALIA. Wa kwanza alikuja juzi, binti wa Tabora, na kaka yake. Nimewaonyesha jinsi ya kusoma afya ya betri, kujua kama diski imechoka, na kukagua bawaba na kibodi kitufe kwa kitufe. Hawakuwa na mashine, kwa hiyo hakukuwa na ugonjwa wa kuandika. Nimeandika jina, namba ya simu, na kwenye safu ya mwisho: "mlinzi."